Kandambili za Mjomba Satar

Kara-Bel, 18 Oktoba 1999

Kwa mpwa wangu Urmat,

U mzima? Mifupa yote iko mahali pake, meno yote yako mdomoni, hujagombana na mtu? Sisi huku hatujambo, mkazamjomba wako hajambo, kondoo na farasi hawajambo. Ila baridi imeanza kutuvuta masikio. Mama yako nilimwona harusini mwezi uliopita, anakusalimu, anauliza kama unakula au unavuta sigara tu.

Sasa neno lenyewe. Lori langu limekufa, na safari hii halifufuki. Na binti yangu Gulzat ana mimba, mumewe yuko Urusi kwenye ujenzi kama ujuavyo, na anatazamiwa kujifungua Januari. Januari, Urmat. Unaijua Taldyk ya Januari. Mwaka juzi mke wa Kalyk tulimlaza kwenye sleji ya farasi tumvushe mlima huo tumpeleke hospitali ya Gulcho. Tulifika nusu ya mlima, tukarudi na maiti wawili. Sitaki kuipanda tena njia ile namna ile, tena na mtoto wangu mwenyewe.

Kwa hiyo nimeuza farasi majike. Pesa anakuletea Jengish, dereva wa lori la makaa, huyuhuyu aliyekupa barua hii. Wewe unaosha magari pale sokoni Osh, unayaona kila siku. Nitafutie moja la theluji. Liwe na tumbo la juu. Magurudumu yote manne yavute. Liwake asubuhi bila kubembelezwa. Na kabla hujalitazama uso, litazame miguu: tairi nyembamba, mpira laini, wenye meno. Theluji haijali gari lina sura gani.

Nakuamini.

Mjomba wako,
Satar

*

Osh, 27 Oktoba

Kwa Mjomba wangu, mfalme wa Kara-Bel na mashimo yake yote,

Salamu nyingi kama manyoya ya kondoo asiyenyolewa. Mimi mzima, meno yapo yote na moja nimeliongeza la dhahabu. Si dhahabu kweli, lakini nani atakuja kulikagua? Wasiwasi wangu ni juu ya masikio yako, maana ni makubwa na baridi ina mahali pa kushika. Mwambie mama nakula vizuri. Sigara ni ya kusindikizia chakula.

Mjomba, hapa umebisha mlango wenyewe! Sokoni hawaniiti tena Urmat muosha magari. Wananiita Profesa. Shule niliiacha darasa la nane, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, sikumbuki vizuri, lakini kwenye magari nina digrii. Mtu akija kununua, dalali anamwambia, "Ngoja kwanza Profesa alinuse." Nalinusa. Nikipiga tairi teke, muuzaji anatokwa jasho.

La kwako nimeshaliona. Jeusi. La Kijerumani. Viti vya ngozi vinavyopasha makalio moto, Mjomba! Utakuwa unapanda Taldyk umekaa kama mkate ndani ya tanuri. Tena ni zito, na mimi nasema uzito ndio dawa ya theluji. Umewahi kuona ng'ombe akiteleza? Lipo pia moja la Kijapani, usukani uko kulia, ila kwa kuwa huku tunapita kulia mwa njia, nalo ukipanda mlima unakaa upande wa korongo, unaliona lote mpaka chini, na wewe na presha yako sikushauri.

Zile Niva na UAZ zenu, magari ya Kirusi ya wachunga kondoo, zipo tele. Zina sura mbaya kiasi kwamba hata mbwa hazikojolei. Mbwa naye ana heshima zake.

Sema neno tu nilichukue jeusi kabla mtu hajaniwahi. Nitalileta mwenyewe. Nitapita nalo polepole mbele ya nyumba ya kina Meerim, yule binti anione, ndipo nije kwako.

Mpwa wako mwenye jina mjini,
Urmat

*

Kara-Bel, 5 Novemba

Urmat,

Tu wazima, nasi twataka kusikia kwamba nawe u mzima, pamoja na hilo jino lako la bati.

Ng'ombe nimemwona akiteleza. Nilimchinja palepale, mguu umevunjika. Na kadiri alivyokuwa mzito ndivyo alivyokwenda mbali. Hilo gari jeusi linavuta kwa magurudumu gani? Ya nyuma, sivyo? Basi huyo ni farasi anayesukumwa mkia. Na tumbo lake liko wapi? Theluji ikifika magotini litalala juu yake kama chura, likipigapiga miguu hewani.

Makalio yangu usiyahangaikie. Yameishi juu ya tandiko tangu kabla hujazaliwa.

Sitafuti gari la kupita mbele ya kina Meerim. Natafuta gari la kumpitisha Gulzat. Chukua Niva, kama iko nzima. Fanya haraka, mlima umeshavaa kofia nyeupe.

Mjomba wako,
Satar

*

Osh, 14 Novemba

Kwa Mjomba, adui wa starehe,

Hujambo wewe, hawajambo wa nyumbani, hajambo na huyo ng'ombe marehemu? Barua yako niliisoma mbele ya madalali. Mmoja alicheka akamwaga chai kwenye suruali.

Haya, umeshinda. Nimekupatia Niva. Ilikuwa ya daktari wa mifugo, mzee aliyestaafu, ameizungusha milima yote ya Alay kuchoma ng'ombe sindano. Rangi yake sitaitaja, ila ni kama yule ng'ombe kabla hajachomwa sindano. Lakini nimeinusa, Mjomba, na nakuapia kwa jino langu. Asubuhi ya baridi nimewasha mara moja, ikaitika kama askari. Ina ile gia ndogo ya kutambalia. Ina hita inayokausha soksi. Na miguu nimeitazama kama ulivyosema: tairi nyembamba kama za baiskeli ya posta, zina vijino vya chuma, zikipita kwenye lami zinalia krrr krrr kama bibi anayetafuna vitonge vya maziwa makavu.

Sasa sikiliza. Mimi ni mpwa wako, na mpwa ana haki yake. Tangu mababu, mtoto wa dada akiingia kwa mjomba akasema "nipe", mjomba haulizi kwa nini wala hasemi njoo kesho. Wenzangu wameshachukua kwa wajomba zao farasi, bunduki, hata kuna mmoja alichukua tandiko mjomba wake akiwa bado amelikalia. Mimi tangu nizaliwe sijadai hata mkia wa kondoo. Leo nadai. Kitu kimoja, kutoka kwenye gari hili. Kimoja tu! Ila sikitaji. Sema ndiyo kwanza, utakiona gari likifika.

Usiniaibishe mjini.

Mpwa wako mwenye haki zake,
Urmat

*

Kara-Bel, 21 Novemba

Urmat mnyang'anyi,

Sisi wazima. Gulzat anasema mtoto anapiga mateke kama punda, kwa hiyo atakuwa amefuata ukoo wa mama yako.

Wazee walisema afadhali waje mbwa mwitu saba kuliko mpwa mmoja, na wazee hawakuwa na wazimu. Haya. Ndiyo. Chukua. Najua ni redio unayoitaka, basi ing'oe na waya zake, mimi muziki wangu ni mkazamjomba wako. Nyumba hii haijawahi kumwambia mtoto wa dada hapana, na haitaanza kwangu.

Lilete gari.

Mjomba wako,
Satar

*

Osh, 6 Desemba

Kwa Mjomba, mwenye gari linalozungumzwa bonde zima,

Umeamkaje? Mimi nilirudi salama juu ya makaa ya Jengish, mweusi kama sufuria lakini na furaha. Nyama ya yule kondoo uliyemchinjia gari bado iko kwenye meno yangu. Ilikuwa sherehe! Nani amewahi kuona Kara-Bel wote, mpaka imamu, wamelizunguka gari kama bi harusi? Ulipopaka damu ya kondoo kwenye magurudumu, ile nyekundu juu ya rimu zile zinazong'aa, nilitaka kulia. Watoto walikuwa wanapanga foleni kujitazama meno.

Basi umeshajua nilichochukua. Ulifikiri redio! Redio ya nini mimi, kila dukani ipo. Nilichukua zile tairi za posta na vyuma vyake vyenye kutu, nikampa dereva teksi mmoja anayesimama hapahapa ninapooshea, nami nikapata rimu hizi na tairi zake pana, mpya, nyororo. Pesa aliyoniongezea juu ndiyo ikawa lile koti la ngozi. Meerim aliligusa mkono akasema, "Hili ni la kweli?" Nikamwambia kila kitu changu ni cha kweli. Nilifunga mdomo ili jino lisionekane vizuri.

Nilikuona umechuchumaa kwenye tairi la mbele, unalibonyeza kwa kidole gumba. Ulikaa pale mpaka chai ikapoa. Pana, eh? Kitu kipana kinakaa juu ya theluji kama bata juu ya maji. Kalyk akakuuliza, "Vipi Satar, mbona umenyamaza?" Wewe ukasema, "Mpwa amechukua haki yake." Watu wakacheka, kichwa changu kikavimba hata kofia ikanibana.

Sasa Gulzat atakwenda kuzaa kama mke wa waziri.

Mpwa wako,
Profesa Urmat

*

Kara-Bel, 15 Desemba

Mpwa wangu,

Salamu zetu zote. Tuna afya, theluji imefika madirishani, majani ya mifugo yanatosha.

Siandiki kukulaumu. Nilisema ndiyo, na ndiyo ya mjomba ikishatoka hairudi nyumbani. Lakini hizi tairi ni za kiangazi, Urmat. Mpira wake ukipata baridi unakuwa mgumu kama sabuni ya kufulia. Juzi nilikanyaga breki mlangoni pa msikiti, nikaja kusimama zizini kwa Kalyk. Alitoka akanikaribisha chai. Magurudumu yote manne yanavuta, ni kweli, ila kuvuta ni kwa kwenda. Kusimama ni habari nyingine, na kukata kona ni habari nyingine.

Nimeulizia za theluji Gulcho, za ukubwa huu hawana. Yule mtu wa teksi, mwambie nampa kondoo wawili wanono na rimu zake nazirudisha, anipe zile za daktari. Jengish atazibeba. Fanya hili kwanza kabla ya jambo lolote. Gulzat ameanza kutembea ameshika kiuno.

Mjomba wako,
Satar

*

Osh, 23 Desemba

Kwa Mjomba mwenye hofu nyingi,

Kheri ya mwaka unaokuja! Mimi mzima, soko limechangamka, kila mtu anataka gari lioshwe kabla ya sikukuu.

Kuhusu zile tairi, bahati mbaya. Yule mtu wa teksi amehamia Uzgen na tairi zake. Nitaulizia, ila Uzgen ni kubwa. Lakini Mjomba, uzee usikupande kichwani! Niva yenye magurudumu manne yanayovuta inapanda ukuta. Tatizo ni mguu wako uliozoea breki za lori. Kanyaga mafuta! Breki ni za waoga. Kuhusu kuingia zizini kwa Kalyk, si ulipata chai?

Msalimie Gulzat, mwambie akizaa dume alipe jina langu.

Mpwa wako,
Urmat

*

Osh, 19 Januari 2000

Mjomba,

Hamjambo? Kweli hamjambo? Nimeandika barua tatu na hii ni ya nne, au umeishiwa wino? Kama umekasirika kwa lile neno la uoga, basi nalifuta, wewe ni simba, tumemaliza.

Jengish alikuja sokoni jana. Nikamkimbilia, "Baba Jengish, barua yangu?" Akasema hana. Nikamuuliza, "Gulzat kajifungua? Watu wazima?" Alinitazama, akalitazama koti langu kutoka kola mpaka chini, akasema, "Waulize wenyewe." Akapandisha kioo.

Huyu mzee namfahamu tangu nikiwa mtoto, hajawahi kunipandishia kioo. Niandikie hata neno moja. Litukane hata jino langu.

Urmat

*

Kara-Bel, 24 Januari

Kwa mpwa wangu Urmat,

Salamu kutoka kwetu sote. Mwandiko huu ni wa Gulzat, mimi nasema yeye anaandika, mkono wangu wa kulia umepumzika kidogo. Gulzat amejifungua mtoto wa kike. Wote wawili wako hai, Mungu ashukuriwe. Gari lipo. Njia ilikuwa mbaya lakini tulifika. Usiwe na wasiwasi, fanya kazi yako, kula vizuri, vaa kofia.

Mjomba wako,
Satar

Urmat, geuza karatasi. Baba amekwenda kulisha kondoo, na haya ni yangu mimi Gulzat.

"Njia ilikuwa mbaya lakini tulifika" ni maneno yake. Yangu ni haya. Uchungu ulinianza na upepo ukiwa unapiga. Kalyk alisema, "Safari hii nakuja kusukuma," akaingia nyuma nami. Kupanda tulipanda vizuri. Kuteremka, kwenye kona ya pili, gari lilikataa kukata. Baba alizungusha usukani mpaka mwisho, na gari likaenda moja kwa moja kama halimsikii. Lilisimama kwenye rundo la theluji, pua inatazama korongo. Kalyk alikwenda kwa miguu kutafuta greda. Baba alichimba. Kila alipowasha, zile tairi zako zilizunguka palepale zikaing'arisha barafu. Akaweka koti lake chini ya tairi, likatupwa. Akaweka glovu zake, zikatupwa korongoni. Akaendelea kuchimba kwa mikono mitupu, kwa sababu mimi nilikuwa napiga kelele ndani. Mtoto alizaliwa pale, juu ya kiti cha nyuma, kabla greda halijafika.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia daktari amevikata.

Sasa sikiliza lililobaki. Watu waliuliza, nani mwenye akili aliyeliwekea gari la theluji viatu vile? Baba akasema ni yeye. Akasema aliagiza mwenyewe kutoka mjini, alitaka kung'aa uzeeni. Basi wanaziita kandambili za Satar. Wamelisambaza njia nzima mpaka Gulcho. Watoto wanamfuata wakiimba. Anacheka nao, kisha anaingia bandani kwa farasi, anakaa huko.

Nilimwambia, "Baba, sema ukweli." Akasema, "Mkono unaompiga mtoto wa dada hutetemeka. Wazee wamesema." Nikamwambia, "Huo wako hautatetemeka, nusu yake haipo." Akacheka. Mimi sikucheka.

Na Jengish amemwambia baba kwamba yule mtu wa teksi hajahamia popote. Anasimama palepale unapooshea magari, na tairi za daktari ziko kwenye gari lake. Baba akamwambia Jengish asilirudie neno hilo mbele ya mtu.

*

Osh, 2 Februari

Mjomba wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Kukuuliza kama u mzima najisikia kama namuuliza aliyeibiwa na mimi ndiye mwizi.

Nimechana karatasi nyingi. Kila nikianza, kalamu inaandika mzaha, imezoea. Basi naandika bila kusoma nyuma.

Yule mtu hakwenda Uzgen. Siku barua yako ilipofika nilimwona akila manti hatua chache kutoka niliposimama. Nilimfuata, ndiyo. Nikamuuliza. Akasema kondoo wako hawataki, anataka pesa, na pesa hiyo nilikuwa nimeivaa mwilini. Koti moja, Mjomba. Ningelivua tu. Nilirudi chumbani nikajitazama kwenye kioo nikiwa nalo, nikajiambia Niva ni Niva, na nikakuandikia ule uongo, na ili uongo usionekane nikakucheka.

Koti liko kwenye msumari. Nikilivaa linanibana, nikiliuza nitakuwa nimekula mara ya pili. Tairi za daktari naziosha mimi mwenyewe kila jioni, maana yule mtu ni mteja wetu. Anasema, "Profesa, sugua vizuri, hizi zinanisaidia kwenye theluji." Nasugua.

Nakuomba jambo. Siku ya arobaini ya mtoto watu wote watakuja kumwogesha. Uwasomee barua hii. Isome kwa sauti, mbele ya imamu, mbele ya Kalyk hasa, na mbele ya kina Meerim. Waseme ni mimi. Wakuache wewe.

Urmat

*

Kara-Bel, 10 Februari

Urmat,

Naandika kwa mkono wa kushoto, unachakura kama kuku, kwa hiyo nitasema kidogo. Tu wazima.

Barua yako nimeisoma peke yangu nikaitia motoni. Sikuwasomea watu na sitawasomea. Barua inabebwa na Jengish, inasomwa na mimi, inasikilizwa na watu, na wewe uko Osh unakunywa chai. Hiyo siyo aibu, ni kifurushi.

Mdomo unao. Mtoto anatimiza arobaini tarehe ishirini na tano.

Mjomba wako

*

Kibanda cha watengeneza njia, chini ya Taldyk, 23 Februari

Mjomba,

Umeamkaje, na mkono umeamkaje? Gulzat, mtoto, mkazamjomba, wote? Mimi mzima ila miguu imekufa ganzi.

Nilitafuta sababu za kutokuja na nilizipata nyingi, nzuri sana, nikataka mpaka kukuandikia. Kisha nikapanda lori la Jengish. Nilipomwomba nafasi alisema, "Funga mlango vizuri," na hilo ndilo neno pekee alilonipa mpaka Gulcho.

Hapa tumezuiwa. Theluji imeporomoka kwenye njia, greda bado linachimba. Madereva wamejaa kwenye hiki kibanda, tunakunywa chai kwenye makopo. Mmoja wao ni mnene, wa Sufi-Kurgan, hanijui simjui. Akaanza, "Mmesikia ya yule mzee wa Kara-Bel aliyenunua kandambili apande nazo Taldyk?" Anaisimulia vizuri, Mjomba, anaigiza mpaka sauti ya tairi. Alipofika pale glovu zinaporuka korongoni, kibanda kizima kilicheka.

Na mimi nilicheka. Nilicheka wa kwanza. Sikufikiri, kilitoka chenyewe, kicheko kile kile cha sokoni.

Jengish hakucheka. Alinitazama juu ya kopo lake, akasubiri. Sijawahi kutazamwa vile. Nikaweka chai chini nikasema, "Siyo Satar."

Mnene akasema, "Siyo Satar vipi? Mimi nimeziona kwa macho yangu hizo rimu, zinang'aa kama jino lako."

Nikasema, "Rimu niliweka mimi. Yeye alitaka tairi za theluji, na alizipata, mimi nikazing'oa nikanunua koti. Akaniomba nizirudishe nikamdanganya. Mwanamke aliyekuwa ndani ni binti yake. Vidole vilivyokatwa ni vyake. Na mimi ni mtoto wa dada yake, ndiyo maana amenyamaza."

Nilifikiri watanipiga. Afadhali wangenipiga. Mzee mmoja alisema tu, "Loo," akaniangalia kama ninavyoangalia gari lililopinda chesisi. Mnene akajikuna kidevu, akasema, "Haya, rudia tena polepole. Hii nina watu wa kuwapa mpaka Osh. Jina lako nani?"

"Urmat."

"Wa nani?"

"Wa Zuura, dada yake Satar. Mimi mpwa wake."

"Kandambili za Urmat," akasema. Mwingine naye akairudia. Waliijaribu mdomoni kila mmoja, ikawakaa.

Watu husema ukishasema unakuwa mwepesi. Mimi sikuwa mwepesi. Nilijiona kama mtu aliyevuliwa suruali sokoni asubuhi, na soko linafungwa jioni. Jengish alinisogezea mkate.

Greda litatangulia, sisi tutafuata baadaye. Dereva wake amekubali kuibeba karatasi hii mpaka kwako. Haiji kunisemea, Mjomba, ya kusema nitayasema mwenyewe tarehe ishirini na tano, nimesimama. Inakuja kwa jambo moja tu. Waambie watoto wa Kara-Bel wasikufuate tena. Waje wanisubiri njia panda. Nitashukia pale, nitembee kwa miguu mpaka kwako, na njia ile ni nyeupe na wazi, wataniona tangu mbali, watapata muda wa kutosha wa kuimba.

Mpwa wako,
Urmat